Vittorio Sella

Vittorio Sella (Biella, 28 Agosti 1859 – Biella, 12 Agosti 1943) alikuwa mpigapicha na mpanda milima kutoka nchini Italia. Anahesabiwa kati ya wapigapicha bora kabisa wa mandhari ya milima. Alipiga picha katika Alpi, Kaukazi, Alaska, Himalaya na Karakoram. Katika Afrika Mashariki anakumbukwa hasa kwa picha za Milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, alizozipiga mwaka 1906. Leo picha hizo ni ushahidi muhimu wa barafu ambayo kwa sehemu kubwa imekwisha kuyeyuka.

Maisha ya awali

Sella alizaliwa Biella, mji wa viwanda vya sufu chini ya milima ya Alpi, katika mkoa wa Piemonte. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha nguo. Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alikuwa na ujuzi wa kemia, elimu iliyohitajika sana katika kutia sufu rangi. Elimu hiyohiyo ilimvuta kwenye upigaji picha, ambao wakati ule ulikuwa kazi ya dawa na vioo. Mwaka 1856 alitoa kitabu kuhusu ufundi huo, kinachohesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kamili cha somo hilo kwa lugha ya Kiitalia. Alifariki mwaka 1876, Vittorio akiwa bado kijana.

Baba yake mdogo, Quintino Sella, alikuwa waziri wa fedha wa Italia. Mwaka 1863 ndiye aliyeongoza kuanzishwa kwa chama cha wapanda milima wa Italia. Hivyo Vittorio alikulia katika nyumba yenye mambo mawili aliyoyaunganisha maisha yake yote: kamera na mlima.

Mwanzo wa kazi

Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 20, Sella alipanda Monte Mars, mlima ulio karibu na Biella, akapiga picha ya mandhari yote iliyozunguka kilele. Alitumia njia ya kolodioni. Katika njia hiyo mpigapicha humimina dawa juu ya kioo, hukiweka ndani ya kamera na kupiga picha, kisha hukisafisha kwa dawa nyingine kabla hakijakauka. Dawa ikikauka picha imeharibika. Kwa sababu hiyo mpigapicha wa mlimani alilazimika kupanda na chupa zake za dawa pamoja na hema la giza.

Miaka michache baadaye mabamba makavu yalienea. Haya yaliandaliwa kiwandani na yaliweza kusafishwa baada ya kurudi nyumbani. Hema la giza halikuhitajika tena, lakini uzito ulibaki. Mwaka 1882 Sella aliagiza kutoka Uingereza kamera ya Dallmeyer iliyotumia mabamba ya kioo ya sentimita 30 kwa 40. Kamera na vifaa vyake ilikuwa na uzito wa kilogramu 18 hivi, na kila bamba lilikaribia kilogramu moja. Kwa kuwa kioo kikianguka kazi ya siku nzima hupotea, alibuni mwenyewe mifuko ya mgongoni na matandiko ya wanyama ya kubebea vioo hivyo salama.

Alishikilia ukubwa huo kwa sababu maalumu. Enzi hizo kukuza picha ndogo kulipunguza ubora wake, bali bamba kubwa lilionyesha kila ufa wa barafu na kila mkunjo wa mwamba. Mtu angeweza kuiangalia picha mezani na kupanga njia ya kupandia.

Sella hakuwa mpigapicha aliyesubiri chini. Mwezi Machi 1882 alivuka kilele cha mlima Matterhorn, ambao Waitalia huuita Cervino, pamoja na kiongozi Jean-Antoine Carrel na wenzake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mlima huo kupandwa wakati wa baridi. Mwaka 1884 alipanda Monte Rosa katika majira hayohayo, na mwaka 1888 akavuka Mont Blanc.

Kaukazi, Alaska na Himalaya

Mwaka 1889 Sella alikwenda Kaukazi pamoja na ndugu yake Erminio, akarudi huko mwaka 1890 na 1896. Mbali na vilele, alipiga picha za vijiji vya Svaneti vyenye minara ya mawe, na za watu wake. Mwaka 1890 Shirika la Kijiografia la Kifalme la London lilimpa tuzo ya Murchison kwa kazi yake ya Kaukazi.

Mwaka 1897 alialikwa na Luigi Amedeo wa Savoia, Duki wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia aliyependa safari za uvumbuzi. Walikwenda Alaska kupanda mlima Saint Elias wenye kimo cha mita 5,489. Tarehe 31 Julai Waitalia wote kumi wa kundi la kupanda walifika kileleni, Sella akiwa mmojawao. Hakuna mtu aliyewahi kufika hapo kabla yao.

Mwaka 1899 alifuatana na Mwingereza Douglas Freshfield katika safari ya kuuzunguka mlima Kangchenjunga, kati ya Sikkim na Nepal. Theluji nyingi iliyoanguka ilizuia mipango ya kupanda, lakini iliipamba milima. Katika safari hiyo alipata picha ya kilele cha Siniolchu, ambayo ni kati ya picha zake mashuhuri zaidi.

Rwenzori, 1906

Milima ya Rwenzori ilikuwa imesumbua wanajiografia kwa muda mrefu. Iko karibu na ikweta, ina barafu, lakini hufunikwa na mawingu siku nyingi za mwaka, hata wasafiri kadhaa walipita karibu nayo bila kuitambua. Henry Morton Stanley alitangaza habari za theluji yake baada ya safari yake ya 1887–1889. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda upande wa magharibi hadi karibu mita 4,000. Huyu ndiye Stuhlmann ambaye mwaka 1894 alichunguza pia Milima ya Uluguru katika Morogoro. Hata hivyo ramani ya kuaminika ya vilele vya Rwenzori haikuwapo.

Kwa wakazi wa mlimani, theluji hiyo haikuwa ugunduzi. Wakonjo walikuwa na neno lake, nzururu, na katika imani yao ya jadi ni makao ya Kitasamba.

Duki wa Abruzzi alifunga safari mwezi Aprili 1906 kutoka Napoli. Wenzake walikuwa pamoja na afisa wa jeshi la majini Umberto Cagni, mwanajiolojia Alessandro Roccati, daktari Achille Cavalli Molinelli, waongozaji kutoka bonde la Aosta, na Sella aliyekuwa na msaidizi wake Erminio Botta. Kutoka Mombasa walipanda treni hadi Kisumu, wakavuka Ziwa Viktoria kwa meli hadi Entebbe, kisha wakatembea kwa miguu hadi Fort Portal, mwendo wa karibu kilomita 300. Mizigo ilibebwa na msafara mrefu wa wapagazi.

Kutoka hapo walifuata bonde la mto Mubuku. Njia ilipita katika msitu, mianzi, matope mazito, kisha kati ya mimea mikubwa ya lobelia na senesio isiyofanana na mimea ya nchi za chini. Huku juu mizigo, pamoja na masanduku ya vioo vya Sella, ilibebwa na Wakonjo, walioujua mlima na kuivumilia baridi yake. Kambi kuu iliwekwa Bujongolo, chini ya mwamba uliojitokeza kama paa, kwenye mita 3,800 hivi. Kwa kulinganisha, Kimhandu, kilele cha juu cha Uluguru, kina mita 2,630 tu.

Tarehe 18 Juni 1906 Duki na waongozaji watatu walifika kilele cha juu kabisa, chenye mita 5,109. Alikiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Kilele cha jirani kikaitwa Alexandra kwa heshima ya malkia wa Uingereza. Milima mingine mikuu ilipewa majina ya wasafiri wa Ulaya: Stanley, Speke, Baker, Emin na Gessi. Mlima wa sita uliitwa Luigi di Savoia kwa jina la Duki mwenyewe, na mojawapo ya vilele vyake huitwa Sella. Hakuna kilele kilichopewa jina la mpagazi.

Kazi ya Sella ilikuwa tofauti na ya Duki. Mpandaji akishafika kileleni hata katika ukungu amemaliza. Mpigapicha katika ukungu hana alichopata. Sella alipanda vituo vya juu na kusubiri mawingu yafunguke, mara nyingine kwa dakika chache tu. Alipiga mfululizo wa mabamba yaliyounganishwa kuwa picha moja ndefu ya safu ya vilele. Picha hizo zilisaidia kuonyesha jinsi milima hiyo ilivyopangika, na zilitumika katika kitabu cha safari kilichoandikwa na Filippo De Filippi na kutolewa mwaka 1908. Alipiga pia picha za misitu, mimea, kambi na Wakonjo.

K2 na miaka ya mwisho

Mwaka 1909, akikaribia miaka 50, Sella alifuatana tena na Duki hadi K2 katika Karakoram, mlima wa pili duniani kwa kimo. Hawakufika kileleni, lakini katika mlima Chogolisa Duki alifikia karibu mita 7,500, kimo ambacho hakuna mpandaji aliyekuwa amethibitishwa kukifikia wakati huo. Picha za Sella zilichunguzwa na wapandaji waliofuata kwa miongo mingi. K2 ilipandwa mwaka 1954, na ni Waitalia waliofika wa kwanza.

Mwaka 1935, akiwa na miaka 76, alijaribu kupanda tena Matterhorn. Alirudi njiani baada ya mmoja wa waongozaji wake kuumia. Alifariki nyumbani Biella mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Urithi

Baada ya kifo chake kazi yake ilisifiwa na Ansel Adams, mpigapicha maarufu wa mandhari kutoka Marekani. Mabamba yake ya vioo hutunzwa na Fondazione Sella katika mji wa Biella.

Umuhimu wa picha hizo umeongezeka kwa sababu ambayo mwenyewe hakuitazamia. Mwaka 1906 Rwenzori ilikuwa na barafuto 43, yaani mito ya barafu itelemkayo polepole, katika milima yake yote sita, zenye eneo la kilomita za mraba 7.5 hivi. Kufikia mwaka 2005 chini ya nusu zilikuwa zimebaki, katika milima mitatu tu ya Stanley, Speke na Baker, na eneo lake lilikuwa karibu kilomita za mraba 1.5. Barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inapungua vilevile.

Watafiti hulinganisha picha za zamani na za sasa: hutafuta mahali palepale mpigapicha wa kwanza aliposimama, hupiga upya, kisha hupima tofauti. Njia hiyo hufaulu pale tu picha ya kwanza ilipokuwa safi na mahali pake panapojulikana. Mabamba makubwa ya Sella yana sifa zote mbili. Sehemu ya Uganda ya milima hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Upande wa Kongo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Mgeni anayepanda huko leo hukuta mwamba mtupu mahali pengi ambapo vioo vilivyobebwa na Wakonjo vinaonyesha barafu.