Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Mboga

Mwanafunzi akitazama ramani ya Afrika ataona, kati ya Uganda na Kongo, milima mirefu iitwayo Ruwenzori. Milima ya Uluguru, ambayo watu wa Morogoro huiona kila asubuhi imefunikwa na mawingu, yapita kidogo mita 2,600; lakini kilele cha Ruwenzori chapita mita 5,100, na juu yake pana theluji na barafu, ingawa Ikweta i karibu. Upande wa magharibi wa milima hiyo wapita mto Semliki. Ng'ambo ya mto huo, mahali nyasi zinapokwisha na msitu mkubwa wa Ituri unapoanza, ndipo ilipo nchi ya Mboga. Huko aliishi na huko alizikwa mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana katika makanisa mengi ya Afrika ya Mashariki. Naye ni Apolo Kivebulaya.

Apolo alizaliwa katika nchi ya Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kwanza wa kiume huitwa Waswa. Basi hilo ndilo lililokuwa jina lake la utotoni. Siku zile Waganda walikuwa na miungu mingi. Mukasa alikuwa mungu wa ziwa kubwa, Kibuka mungu wa vita, na Walumbe mungu wa kifo. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake na watumishi wake, na watu waliwaendea na mbuzi, na kuku, na pombe, wapate kuambiwa habari za ugonjwa, na safari, na vita. Mtu hakutoka nyumbani bila hirizi shingoni au mkononi.

Waswa alipokuwa kijana aliwekwa kwa mganga mmoja ajifunze kazi ya mizimu. Watu waliokuja kuuliza habari waliona nje tu, lakini kijana yule aliona ndani. Akaona jinsi mganga alivyowadanganya watu, wakaondoka wakiamini kuwa wamesema na miungu. Jambo hilo lilimchukiza moyoni, akaiacha kazi ile. Lakini kujua uongo si sawa na kuijua kweli. Mtu aweza kuitupa hirizi leo, na kesho akabaki mtupu, hajui amtumaini nani. Ndivyo alivyokuwa Waswa kwa miaka mingi.

Kwanza alijifunza kidogo dini ya Kiislamu, ambayo ilikuwa imefika Buganda zamani kwa wafanya biashara wa pwani. Baadaye alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, fundi kutoka Uskoti, aliyefika Buganda mwaka 1878 kwa njia ya Unguja na kusini mwa ziwa. Mackay alifanya kazi ya chuma na mbao, alipiga chapa vitabu, na jioni alifundisha watu kusoma. Maneno aliyoyasikia kwake yaliingia moyoni mwa Waswa, lakini hayakuota mizizi upesi. Mackay mwenyewe hakuyaona matunda yake, kwa maana alikufa Usambiro, kusini mwa ziwa, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, mwezi wa Februari mwaka 1890.

Miaka ile ilikuwa ya vita. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga aliondolewa katika kiti chake, na baada ya wiki chache Wakristo nao walifukuzwa katika nchi. Waswa akakimbia pamoja nao. Baadaye akawa askari, na mwaka 1891 akafuatana na jeshi la Kapteni Lugard mpaka Toro, chini ya milima ya Ruwenzori. Maisha ya askari hayakumtengeneza. Alikuwa akivuta bangi, na kuishi kama walivyoishi wenzake. Kanzu ilikuwa vazi la kila mtu, lakini yeye alivaa koti la Kizungu, na kwa sababu hiyo watu walimpa jina la Kivebulaya, maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Jina hilo la mzaha lilimkaa mpaka siku ya kufa kwake.

Hata hivyo yale aliyoyasikia kwa Mackay hayakumwacha. Alirudi mjini akaanza kusoma tena, safari hii kwa bidii. Akaiacha bangi. Mkewe alikufa, naye hakuoa tena maisha yake yote. Mwezi wa Januari mwaka 1895 alibatizwa, akachagua jina la Apolo, yule mwalimu hodari anayetajwa katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Alikuwa amekwisha kufika umri wa miaka thelathini au zaidi. Hakuwa mtoto wa misheni aliyelelewa humo. Alikuwa mtu mzima aliyepita njia nyingi, akageuka.

Mwaka ule ule wa 1895 alipelekwa Toro kuwa mwalimu. Aliifurahia kazi hiyo, maana aliijua nchi tangu uaskari wake. Mara ya kwanza alikuja na bunduki. Mara ya pili alikuja na kitabu. Mfalme wa Toro, Daudi Kasagama, aliwapenda walimu, na watu wengi walikuja kusoma.

Ng'ambo ya milima, katika Mboga, mambo yalikuwa mengine. Mtawala wa Mboga aliitwa Tabaro. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia kwenda kwake, lakini hawakuweza kukaa, kwa sababu Tabaro alizuia watu wasiwape chakula. Walipokwisha kurudi, palihitajiwa mtu wa kwenda badala yao. Apolo akajitoa. Mwishoni mwa mwaka 1896 alipita milimani, akavuka Semliki, akafika Mboga.

Alipoona kwamba hapewi chakula, hakunung'unika. Alishika jembe akalima shamba lake, akapanda, akala jasho lake. Watu walishangaa, kwa kuwa walidhani mwalimu ni mtu wa kukaa na kuletewa. Kidogo kidogo vijana na wanawake walianza kumjia. Akawafundisha herufi, kisha habari za Mungu mmoja aliyeziumba mbingu na nchi, asiyehitaji mbuzi wala pombe ili kumsikia mwanadamu. Alisema nao habari za mizimu kama mtu aliyeijua kazi hiyo kwa macho yake, wala si kwa kusikia. Baadhi yao wakavua hirizi zao wakazitupa motoni.

Tabaro akakasirika. Yeye alikuwa na wake wengi, alipenda pombe, na nguvu yake juu ya watu ilikuwa imefungamana na mambo ya mizimu. Aliona kwamba, watu wakiacha kuogopa hirizi, huenda wakaacha kumwogopa na yeye. Akaagiza Apolo apigwe. Akapigwa vikali, na nyumba yake ikachomwa moto. Lakini Apolo hakuondoka Mboga. Alipopata nafuu alianza kujenga upya.

Ndipo likatokea jambo lililokuwa zito kuliko kiboko. Wasomaji wake walikuwa wakikata matete kwa kazi ya kujenga kanisa. Pamoja nao alikuwako dada yake Tabaro. Mkuki wa Apolo ulikuwa majanini, na mwanamke yule akauangukia akafa. Apolo alishitakiwa kwamba amemwua. Akafungwa, akapelekwa Toro kwa wakubwa wa serikali, akatiwa gerezani kwa minyororo.

Hapo ndipo imani yake ilipopimwa. Kupigwa kwa ajili ya mahubiri ni taabu, lakini mtu hujua sababu yake. Sasa alikuwa akihesabiwa kuwa mwuaji, na mwanafunzi wake amekufa kwa mkuki wake mwenyewe, ingawa hakukusudia. Mbele yake palikuwa na hukumu. Nyuma yake palikuwa na kazi iliyovunjika. Katika siku hizo za giza, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Kristo usiku, aking'aa kama jua, naye akamtia moyo na kumwahidi kuwa pamoja naye. Tangu usiku huo Apolo hakutilia shaka tena wito wake. Habari za mambo yalivyokuwa zikajulikana, akaonekana hana hatia, akafunguliwa.

Mtu mwingine angaliomba kazi mahali pengine. Apolo alirudi Mboga, kwa Tabaro yule yule.

Tabaro alipomwona amerudi, hana kinyongo wala hataki kisasi, moyo wake ulishindwa. Fimbo, moto, njaa na gereza, yote yalikuwa yamejaribiwa, wala hayakumwondoa mtu huyu. Na tena, mtu huyu hakumwogopa mtawala wala hakumchukia. Tabaro akaanza kuuliza, kisha akaanza kusoma. Mwisho akaomba ubatizo, akapewa jina la Paulo, jina la yule aliyewatesa Wakristo kwanza, kisha akawa mtumishi wao. Aliyeichoma nyumba ya mwalimu akawa mmoja wa wanafunzi wake, na kanisa la Mboga likasimama.

Apolo alifanywa shemasi mwezi wa Desemba mwaka 1900, akawa kasisi mwaka 1903. Miaka mingi ya wakati huo alitumika Toro, akienda kwa miguu kijiji kwa kijiji. Mwaka 1910 serikali za Ulaya zilikata mpaka, na Mboga ikawekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu wakatenganishwa na ndugu zao kwa mstari ambao hawakuuchora. Lakini Apolo hakuwasahau. Yapata mwaka 1916, alipokuwa mtu wa miaka hamsini hivi, aliomba kurudi Mboga, na huko akakaa mpaka mwisho.

Nyumba yake ilijaa watoto, na hasa yatima. Yeye asiyekuwa na mtoto wa kuzaa aliitwa baba na wengi. Alilima, alifundisha, na aliandika kwa Kiganda kitabu cha habari za siku zake. Tena alifundisha vijana kuwa walimu na kuwatuma mbele yake, kwa maana jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga ni matatu. Ukiondoa moja, chungu humwagika. Apolo alijua kwamba kazi inayokaa juu ya mtu mmoja hufa pamoja naye.

Kutoka Mboga aliutazama msitu wa Ituri. Humo wanaishi Wambuti, watu wafupi, mahodari wa kuwinda, ambao majirani zao wengi waliwadharau na kuwahesabu kama si watu kamili. Apolo hakuwaona hivyo. Katika miaka yake ya mwisho aliingia msituni akakaa nao, akajifunza maneno yao, akaandika Injili ya Marko katika lugha yao. Baadhi yao wakabatizwa. Mwaka 1922 alikuwa amepewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Lakini kanoni huyo alionekana mara nyingi katika njia za msituni, akilala penye vibanda vya majani.

Alipougua sana mwaka 1933, alitaka afe mahali pa kazi yake. Akafa Mboga tarehe 30 Mei mwaka huo. Kabla ya kufa aliagiza kaburi lake lichimbwe kinyume cha desturi: kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko kazi ilikuwa bado. Watu wake wakafanya kama alivyoagiza.

Baada ya kufa kwake mbegu iliendelea kukua. Mwaka 1972 Mboga, ambayo sasa huandikwa Boga, ikawa makao ya askofu, na mwaka 1992 Kanisa la Anglikana la Kongo likawa jimbo lenye kujitegemea. Makanisa hayo humtaja Apolo kuwa baba yao.

Mtu akiyafikiri maisha haya ataona kwamba kuacha sanamu si kazi ya siku moja. Waswa aliiacha mizimu alipokuwa kijana, lakini alikuwa bado na bwana mwingine katika bangi na maisha ya vita. Tabaro hakuitumikia mizimu tu; aliutumikia ukubwa wake, na huo ndio uliokuwa mgumu kuuacha. Hirizi huning'inia shingoni, na kila mtu huiona. Lakini kuna miungu mingine ikaayo moyoni, kama fedha, na sifa, na kiburi, nayo huombewa kimya kimya hata na mtu akaaye kitini kanisani. Tena twaona kwamba mlango wa kurudi haukufungwa, wala kwa askari mvuta bangi, wala kwa mtawala mtesi. Tabaro alikuwa amezuia chakula, amepiga, na amechoma. Lakini yule aliyempiga alirudi kwake na mikono mitupu, akamfungulia njia.