Maisha ya Abul-Alaa al-Maarri

Abul-Alaa alizaliwa Maarra, nchi ya Sham, mwaka 363 wa Hijra (973). Alipofikilia miaka minne alishikwa na ndui; ikampofua macho, ikamwachia uso wenye makovu. Husimuliwa ya kuwa rangi aliyoikumbuka ni nyekundu tu, rangi ya nguo aliyovishwa katika ugonjwa ule.

Alisoma kwa babaye, kisha Halab, na alisikialo hakulisahau. Alipokuwa Baghdadi alimkwaa mtu barazani, mtu yule akamwita mbwa. Hakulia wala hakupigana. Alijibu kuwa mbwa ni yule asiyejua majina sabini ya mbwa kwa Kiarabu.

Mwaka 400 (1010) alirejea kwao, akajiita mfungwa wa vifungo viwili, upofu na nyumba yake. Lakini wanafunzi hawakufungiwa mlango. Walimjia toka mbali, hata alipofariki mwaka 449 (1057).

Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya baadhi ya mashairi yake, na hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Ama sisi, ndugu, tumwonapo kijana anayeficha kovu la uso, tumkumbushe kuwa ndui iliufikilia uso wa Abul-Alaa, wala haikuifikilia elimu yake.