Wangila na mlango wa Ukumbi wa Heshima

Mjadala wa mabondia wanaostahili Ukumbi wa Heshima wa ndondi, huko Canastota, Marekani, ukifika Afrika Mashariki, huanza na Robert Wangila. Mkenya huyo alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, akimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili. Kenya haijapata nyingine katika ndondi.

Katika ngumi za kulipwa alishinda mapambano 22 na kupoteza matano, bila taji la dunia. Boudouani, aliyelazwa chini Seoul, ndiye aliyekuja kulivaa. Kwa hesabu hiyo hoja yake ni dhaifu. Lakini Wangila hakustaafu. Julai 1994, mjini Las Vegas, pambano lake na David Gonzales lilisimamishwa, akapinga uamuzi huo, kisha akapoteza fahamu. Alifariki dunia siku mbili baadaye.