Mekatilili wa Menza na Msitu wa Kaya Fungo

Katika Kiswahili sanifu, neno kaya humaanisha watu wa nyumba moja. Kwa Wamijikenda neno hilo hilo lina maana pana zaidi: ni makao ya kale yaliyozungukwa na msitu mnene, mahali pa ibada, pa baraza la wazee na palipozikwa fingo, yaani kago la kuilinda jamii. Maisha ya Mekatilili wa Menza hayaeleweki pasipo kuuelewa msitu huo.

Mekatilili alizaliwa katika karne ya 19 miongoni mwa Wagiriama wa pwani ya Kenya. Kufikia mwaka 1913 alikuwa mjane mwenye umri mkubwa. Wakati huo utawala wa Waingereza ulidai kodi ya nyumba, ulitaka vijana wakafanye kazi mashambani mwa wageni, na ulikusudia kuwaondoa Wagiriama kaskazini mwa Mto Sabaki. Mekatilili alizunguka vijijini akiwahamasisha watu, hususan wanawake, kwa ngoma ya kifudu. Hatimaye umati ulikutana Kaya Fungo, ambako viapo viwili vililiwa: mukushekushe cha wanawake na fisi cha wanaume. Aliyeapa hakuthubutu kushirikiana na serikali.

Yafaa kujiuliza: kwa nini msituni? Wagiriama hawakuwa na mfalme, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuhama kayani na kutawanyika. Kaya ndiyo iliyobaki kuwa mamlaka yaliyotambuliwa na koo zote. Miiko iliyokataza kukata miti, kulisha mifugo na kupita nje ya njia zilizowekwa ndiyo iliyoupa msitu heshima hiyo. Na ndiyo pia iliyohifadhi mimea adimu ya pwani.

Waingereza nao walilitambua hilo. Oktoba 1913 walimkamata Mekatilili pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakawahamishia Kisii. Januari 1914 wawili hao walitoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, na mapigano yakazuka. Mekatilili alikamatwa tena, akarejea nyumbani mwaka 1919. Alifariki katika miaka ya 1920.

Baruti haikuufuta msitu. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa za Wamijikenda, Kaya Fungo ikiwemo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, mwaka 2009 mila za kaya zenyewe ziliwekwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Hapa pana funzo kwetu wanafasihi. Msitu huu ulilindwa kwa maneno kabla ya kulindwa kwa sheria: kwa kiapo, wimbo, dua na mwiko. Wazee wanaoyajua maneno hayo wakiondoka bila kurithiwa, kitakachobaki mbele ya mwenye shoka ni miti tu. Kuyakusanya na kuyachunguza ni wajibu wetu, nao hauwezi kungoja.