Jon Postel, mhariri aliyetunza nyaraka za intaneti bila kuzitia kufuli

MVUA za El Niño za 1997 na 1998 zilipoufurisha Mto Tana, vijiji vya delta viligeuka visiwa na barabara zikakatika. Katika eneo la Garsen ndiko njia itokayo Malindi hugawanyika, moja ikielekea Hola na Garissa, nyingine Witu na Lamu. Njia hiyo ikifungwa, gari la abiria halina budi kusimama. Mizigo husubiri, barua husubiri, na mgonjwa husubiri pamoja nazo.

Mitandao ya kompyuta iliepushwa na adha hiyo na fikra iliyozaliwa miaka ya 1960. Paul Baran wa Marekani alihofia kwamba vita vingeharibu mawasiliano ya nchi yake. Donald Davies wa Uingereza alitafuta namna ya kompyuta nyingi kutumia waya mmoja bila kungojana. Pasipo kushauriana, wote wawili walifikia jibu lile lile: ujumbe ukatwe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe anwani, kisha kijitafutie njia na kuungwa na wenzake mwishoni. Njia moja ikifungwa, vipande hupita kwingine. Vipande hivyo ndivyo pakiti, navyo visichanganywe na vifurushi vya data vinavyouzwa na kampuni za simu.

Lakini pakiti hazifiki kwa kudura. Kompyuta zinazozipokezana sharti zikubaliane jinsi anwani inavyoandikwa, kosa linavyoripotiwa na kipande kilichopotea kinavyodaiwa upya. Makubaliano hayo huitwa itifaki. Nani aziandike, zihifadhiwe wapi, na nani aruhusiwe kuzisoma? Kwa takriban miaka 30 maswali hayo yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye ndevu ndefu na makubadhi miguuni, Jonathan Bruce Postel.

Postel alizaliwa Agosti 6, 1943, Altadena, jimbo la California. Alisoma shule ya upili ya Van Nuys, walikosoma pia Vint Cerf na Steve Crocker, ambao baadaye wangekuwa wenzake katika kazi. Alipata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka wa 1966, ya pili 1968, na uzamifu 1974, kwa tasnifu iliyochambua itifaki zenyewe. Alikuwa mwanafunzi katika maabara ya Leonard Kleinrock chuoni humo Oktoba 29, 1969, ujumbe wa kwanza wa mtandao wa ARPANET ulipotumwa kutoka hapo hadi taasisi ya SRI, kaskazini mwa jimbo hilo.

Miezi michache kabla ya hapo, mnamo Aprili 7, 1969, Crocker alikuwa ameandika waraka wa kwanza wa kueleza jinsi kompyuta zitakavyozungumza. Kwa kuwa waandishi wenyewe walikuwa wanafunzi waliochelea kuonekana wanawaamrisha wakubwa wao, waraka huo ulipewa jina la unyenyekevu: ombi la maoni, au RFC kwa ufupi wa Kiingereza. Jina hilo lingali linatumika ingawa nyingi za nyaraka hizo zimekuwa sheria zinazofuatwa dunia nzima.

Postel akawa mhariri wa mfululizo huo na hakuuacha hadi kufa. Sisi tunaoishi kwa kusahihisha kazi za wengine twajua jinsi kazi hiyo isivyo na shukrani. Msomaji humkumbuka mhariri siku kosa linapopita. Alizipa nyaraka namba, akazirudisha zilizokuwa na utata, akakataa zisizoeleweka, na zaidi ya 200 akaziandika au kushiriki kuziandika yeye mwenyewe. Hakukosa ucheshi pia. Mara kadhaa siku ya Aprili mosi aliruhusu waraka wa mzaha, na ule wa mwaka 1990 ulieleza kwa uzito wote namna ya kupeleka pakiti kwa njiwa.

Mchango wake haukuwa wa kupanga maneno tu. Itifaki ya TCP iliyobuniwa na Cerf na Robert Kahn ilikuwa imebebeshwa kazi mbili, kuelekeza pakiti na kuhakikisha zimefika zote. Mwaka 1977 Postel alionya kwamba mambo hayo hayapasi kukaa chini ya paa moja. Mwaka uliofuata itifaki hiyo ikagawanywa: IP ikapewa anwani na njia, TCP ikapewa uhakika wa kufika. Ndiyo maana hadi leo twasema TCP/IP. Nyaraka zake za Septemba 1981, namba 791 na 793, zilikuwa msingi wa mageuzi ya Januari 1, 1983, ARPANET ilipohamia itifaki hizo. Wa barua pepe ulitoka 1982. Wa UDP, uliotoka Agosti 1980, una kurasa tatu tu, na hadi leo itifaki hiyo hubeba simu za video.

Jambo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba nyaraka zote hizo zilitolewa bure. Wakati ule mashirika rasmi ya viwango yalikuwa yakiandaa itifaki za kushindana nazo, na nakala zake ziliuzwa. Nyaraka za Postel zilinakiliwa kwa yeyote aliyeziomba. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitia TCP/IP ndani ya mfumo wake wa Unix mwaka 1983, vyuo vikaupokea, na baadaye Linux ikaja na programu zake huru zinazotii nyaraka hizo hizo. Mwenye kompyuta kuukuu aliweza kuunda ruta bila kununua leseni.

Kwa Afrika Mashariki tofauti hiyo haikuwa ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliokuwa na mawasiliano ya kompyuta nchini Kenya walitegemea zaidi barua pepe iliyopitia simu, na dakika moja ya simu ya kimataifa ilikuwa ghali. Taasisi ya Postel katika Chuo Kikuu cha Southern California iliweka huduma ambapo mtu alituma barua pepe akitaja namba ya waraka, naye akarudishiwa waraka mzima kwa njia hiyo hiyo. Asiyekuwa na intaneti aliweza hivyo kusoma jinsi intaneti inavyojengwa. Leo mwanafunzi wa Ngao au Tarasaa mwenye simu hufungua maandishi yale yale anayosoma mhandisi wa California, bila kulipia chochote ila data.

Postel pia ndiye aliyegawa majina ya nchi mtandaoni. Kenya ilikabidhiwa .ke mnamo Aprili 29, 1993, wakati ambapo shirika la serikali la posta na simu lingali na ukiritimba. Hakutaka kuamua lipi ni taifa na lipi si taifa, hivyo alifuata orodha ya kimataifa ya herufi mbili mbili. Katika waraka wake wa Machi 1994 alieleza kwamba anayekabidhiwa jina ni mdhamini wa umma, wala hana haki ya kulihesabu kuwa mali yake.

Dhamana hiyo ilimtia majaribuni. Mnamo Januari 28, 1998, aliwaandikia waendeshaji wanane wa seva kuu za majina akiwataka wachukue orodha kutoka kwa kompyuta yake badala ya ile ya kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na mkataba wa serikali ya Marekani na iliyokuwa ikitoza ada za majina. Wote wanane walitii. Ikulu ya Marekani ilighadhabika, naye akarejesha mambo yalivyokuwa akisema lilikuwa jaribio. Wapo wanaomlaumu kwa kucheza na kitu cha dunia nzima. Hata hivyo hakuna mtumiaji aliyedhurika, na ilidhihirika kwamba mamlaka yake yalitokana na kuaminiwa na wenzake kuliko karatasi yoyote ya mkataba.

Miezi yake ya mwisho aliitumia kuunda shirika la ICANN ili kazi aliyoifanya peke yake ipate baraza. Shirika lilisajiliwa Septemba 1998. Postel, aliyekuwa amewahi kupasuliwa moyo mwaka 1991, alifariki Los Angeles Oktoba 16, 1998, kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji mwingine wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Vint Cerf aliandika tanzia yake siku iliyofuata, nayo ikatolewa ndani ya mfululizo ule ule, kwa namba 2468. Wengine waliurithi uhariri. Huku nyumbani, .ke ilikabidhiwa shirika la KENIC mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kituo cha Nairobi cha kubadilishana pakiti, kilichofungwa na serikali majuma machache baada ya kuanza mwaka 2000, kikafunguliwa tena Februari 2002. Kabla ya hapo, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za Nairobi ilipaa hadi kwenye setilaiti, ikazunguka ng'ambo, ndipo ikarudi mtaa wa pili.