Padri Mersenne na Namba Zake

Wapo watu wadhanio ya kuwa mtawa hana haja na hesabu, na ya kuwa mwenye kusali sana huogopa elimu. Maisha ya Padri Marin Mersenne yatosha kuwajibu.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1588 karibu na Oizé, Ufaransa, katika jamaa ya watu wa kawaida. Akasoma kwa Wayesuiti huko La Flèche, kisha akasoma teolojia Paris. Mwaka 1611 akaingia shirika la Waminimi, lililoanzishwa na Mtakatifu Fransisko wa Paola, ambao huahidi kushika mfungo wa Kwaresima maisha yao yote.

Tangu mwaka 1619 alikaa katika nyumba ya utawa Paris. Zama zile magazeti ya elimu hayakuwapo bado, na chumba chake kikawa kama posta ya wataalamu wa Ulaya. Descartes, Fermat na Torricelli waliandikiana naye. Swali la huyu alimpelekea yule. Mwaka 1634, mwaka mmoja baada ya Galileo kuhukumiwa, Mersenne alichapisha kwa Kifaransa maandiko ya Galileo juu ya mashine.

Mwaka 1644 alitoa kitabu chenye habari ya namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Andika 2 mara 3, uzizidishe, wapata 8. Toa 1, yabaki 7, nayo ni tasa. Ziandike mara 5, wapata 31, tasa tena. Lakini ukiziandika mara 11 wapata 2047, ambayo ni 23 mara 89. Mersenne alitangaza ya kuwa, mpaka kufika mara 257, njia hiyo hutoa namba tasa mara 11 tu, akazitaja. Naye alijua vema ya kuwa kuzipima namba kubwa namna ile kulipita nguvu za watu wa wakati wake.

Alikosea. Mwaka 1883 Pervushin, padri wa Kiorthodoksi huko Urusi, alionyesha ya kuwa 61 ilikuwa imeachwa. Mwaka 1903 Cole wa Marekani alionyesha ya kuwa 67 haikustahili kuwamo, maana namba yake ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Ukaguzi ulipokwisha mwaka 1947, makosa yalikuwa 5: 2 ziliingizwa bila haki, na 3 ziliachwa.

Je, wataalamu walilifuta jina lake? La. Namba hizo huitwa namba za Mersenne hata leo, kwa kuwa aliliweka swali lake mbele ya watu wote, kila awezaye alipime. Mwaka 2024 kompyuta zilipata moja ambayo 2 huandikwa mara 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320, nayo ilizipita namba tasa zote zilizojulikana.

Padri Mersenne alifariki Paris tarehe 1 Septemba 1648, akiwa ameagiza mwili wake upasuliwe, waganga wapate kujifunza. Hata maiti yake aliitoa kwa ajili ya ukweli, akiamini ya kuwa kweli yote yatoka kwa Mungu mmoja.

Basi, wazazi Wakristo, mtoto aletapo nyumbani daftari lenye alama nyekundu, msimcheke wala msimwache alifiche. Mketisheni mezani, aifanye hesabu ile mara ya pili.