BURT MUNRO: Babu wa miaka 68 aliyeichonga pikipiki kwa tupa hadi ikavunja rekodi

ROGER Milla alikuwa na miaka 42 alipoifunga Russia kwenye Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani, na mpaka leo vijiweni tunamtaja kama maajabu. Sasa vuta kiti. Miaka 27 kabla ya bao lile, kwenye nchi hiyohiyo ya Marekani, babu mmoja wa miaka 68 alilala kifudifudi juu ya pikipiki ya mwaka 1920, akavuta mafuta mpaka mwisho, na kuandika rekodi ambayo bado ina jina lake.

Ligi imesimama kupisha kalenda ya FIFA, kwa hiyo wadau wa soka mnivumilie. Leo tunatoka nje ya uwanja kidogo.

Jina lake Herbert James Munro, ila dunia inamjua kama Burt. Alizaliwa Machi 25, 1899, kwenye familia ya wakulima karibu na Invercargill, mji ulio kusini kabisa mwa New Zealand. Alizaliwa pacha, lakini dada yake hakuishi. Utotoni kitu alichopenda ni mwendo tu. Kabla hajaijua pikipiki alikuwa akichukua farasi mwenye mbio kuliko wote pale shambani na kumkimbiza kwelikweli, jambo ambalo wazazi hawakulifurahia.

Mwaka 1920, akiwa na miaka 21, alinunua pikipiki mpya aina ya Indian Scout. Jina lisikuchanganye, haikutoka India. Indian ilikuwa kampuni ya Marekani, kiwanda chake kikiwa Springfield, jimbo la Massachusetts. Scout ya mwaka huo ilikuwa na silinda mbili zilizokaa kwa umbo la herufi V, cc 600, gia tatu za kubadilisha kwa mkono, na breki ya nyuma peke yake. Breki ya mbele haikuwepo kabisa. Mwendo wake wa mwisho ulikuwa kama kilomita 88 kwa saa. Bodaboda yeyote wa leo angeipita akiwa amebeba abiria na gunia la mkaa.

Kwa wakati ule ilikuwa pikipiki ya maana. Wengi wangeipiga deki kila Jumapili na kuipaki mahali ambapo mabinti wanapita. Munro aliiendesha miaka sita, na mwaka 1926 akaamua kuifungua.

HAKUWA FUNDI

Hapa ndipo mimi binafsi nilipompendea huyu mzee. Hakusomea uhandisi na hakuwahi kukaa kwenye chuo cha ufundi. Alikuwa kijana wa shamba ambaye baadaye alipata kazi ya kuuza na kutengeneza pikipiki dukani, na pesa ya spea za mashindano hakuwa nayo. Pia usisahau anaishi wapi. Kutoka Springfield mpaka Invercargill ni nusu ya dunia, kwa meli. Ukivunja kitu leo, ukaagiza, utakaa miezi.

Kwa hiyo akawa anatengeneza mwenyewe. Pistoni alizisubu mwenyewe: anatafuta chuma chakavu, anakiyeyusha, anamimina kwenye makopo ya zamani, kikipoa anaanza kukichonga. Silinda alizitoa kwenye mabomba ya chuma yaliyokuwa yakipitisha gesi ya mjini. Konrodi alizichonga kwa mkono kutoka kwenye ekseli ya trekta la Caterpillar. Kipimo chake cha kupimia unene wa vyuma, kile ambacho mafundi wengine wananunua kiwandani, alikiunda kwa spoku ya gurudumu.

Kwa wasioshinda gereji, konrodi ni ule mkono unaounganisha pistoni na mtambo wa chini unaozunguka. Pistoni inapanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika moja, na kila mara konrodi ndiyo inayovutwa na kusukumwa. Ikikatika wakati injini iko kwenye mwendo mkali, hutoboa ubavu wa injini na kutoka nje, na kama mguu wako uko jirani, shauri yako. Sasa kitu kama hicho mtu anakaa na tupa, jioni baada ya jioni, anakikwangua mpaka kifikie kipimo, halafu anakifunga kwenye injini na kwenda kukijaribu mwenyewe.

Kilikuwa kinavunjika? Sana tu. Injini ilinoki, pistoni zikatoboka, konrodi zikakatika. Munro hakutupa vile vyuma. Alijenga shelfu gerejini kwake, akavipanga pale vyote vilivyokufa, na juu yake akaandika maneno ya kuonyesha kwamba hivyo ni sadaka alizomtolea mungu wa mwendo kasi. Ukitazama picha za ile shelfu utaona ilivyojaa. Ndiyo ilikuwa shule yake. Kila chuma kilichovunjika kilimwonyesha mahali palipokuwa pembamba mno, au palipopata moto mno, au mafuta ya kulainishia yalipokuwa hayafiki, naye akarudi kuchonga kingine. Mfumo wa mafuta wa kiwandani aliubadilisha. Vavu, ambazo kwenye Scout zilikaa pembeni mwa silinda, akazihamishia juu ili injini ivute pumzi vizuri zaidi. Zile cc 600 zikawa zinapanda kidogo kidogo mpaka mwishowe zikafika 950.

Nina jirani yangu kijiweni amenunua pikipiki kuukuu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukata ekzosi ili ipige kelele, kisha akabandika stika ya timu yake. Mtaa mzima haulali, na mwendo ni uleule. Simcheki sana, kila mtu anaanzia mahali. Ila angemjua Munro angeanzia ndani.

UFUKWENI, MAJI YAKIPWA

Uwanja wake wa mazoezi ulikuwa ufukwe wa Oreti, nje kidogo ya Invercargill. Maji yanapokupwa, mchanga wa pale unabaki mgumu na mrefu kama barabara, na wapenzi wa pikipiki wakaufanya mahali pa mbio. Mwaka 1938 Munro akaweka rekodi yake ya kwanza ya New Zealand, na nyingine zikafuata. Mwaka 1957, akiwa na miaka 58, pikipiki ile iliyotoka kiwandani na kilomita 88 ilipita ufukweni ikiwa zaidi ya kilomita 210 kwa saa.

Lakini tusimpambe. Haya mambo yalikuwa na bei, na hakulipa peke yake.

Mwaka 1927 alimwoa Beryl, wakapata watoto wanne. Baba alikuwa mchana yuko kazini, usiku yuko kwenye injini mpaka alfajiri, halafu anarudi kazini. Miaka ikaenda hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndoa ilikuwa imevunjika, kazi ameacha, na yeye amehamia kwenye gereji ndogo. Ndani mlikuwa na kitanda, pikipiki zake mbili (ya pili ilikuwa Velocette, nayo akiichonga vilevile), vyuma, na ile shelfu.

Filamu iliyotoka 2005, ambayo Anthony Hopkins anamwigiza, inamwonyesha kama babu mcheshi anayependwa na kila mtu. Inapendeza, na mwongozaji wake Roger Donaldson alimfahamu Munro na aliwahi kurekodi makala juu yake akiwa hai. Lakini filamu inaanza wakati mke ameshaondoka zamani na watoto ni watu wazima. Nikiwaza miaka ile ya kati, mama na watoto wanne nyumbani na mshahara unayeyuka pamoja na pistoni, sioni cha kuchekesha. Sisi tunaoandika michezo tuna tabia ya kuiruka sehemu hiyo kwa wachezaji wetu pia.

Na mwili nao ulidai chake. Alianguka mara kadhaa kwenye mbio, akapoteza fahamu, akachubuka, akavunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 moyo ukaanza kumsumbua, kifua kikawa kinabana. Ndipo akaamua kwamba ufukwe wa nyumbani haumtoshi.

JANGWA LA CHUMVI

Jimboni Utah, Marekani, kuna uwanda unaoitwa Bonneville. Ni ziwa la kale lililokauka na kuacha chumvi tupu, nyeupe, tambarare hadi macho yanachoka. Hakuna kona, hakuna mti wala nyumba. Wanaotaka kuwa wenye kasi kuliko wote duniani huenda pale. Munro alikwenda mara kumi. Mara ya kwanza alitazama tu, kama shabiki aliyekata tiketi ya mzunguko. Tisa zilizobaki alikwenda kukimbia.

Mwaka 1962, akiwa na miaka 63, alifika na Scout yake ndani ya boksi la mbao. Kampuni ya Indian yenyewe ilikuwa imeacha kutengeneza pikipiki tangu 1953, kwa hiyo pikipiki ilikuwa imerudi kwao na kukuta kwao kumefungwa. Juu yake Munro alikuwa amefunga bodi refu lenye umbo la samaki, la kukata upepo. Ukiingia ndani unalala kifudifudi, kichwa tu ndicho kinachotokeza kidogo nyuma ya kioo.

Pale rekodi haihesabiwi kwa kukimbia mara moja. Unakwenda, unageuza, unarudi, halafu wanachukua wastani wa zote mbili, ili mtu asije akabebwa na upepo. Ni kama mechi ya nyumbani na ugenini. Ukishinda tano nyumbani ukalala huko uendako, hesabu zitasema.

Mwaka ule akiwa na injini ya cc 850 aliweka rekodi ya daraja la cc 883 kwa kilomita 288 kwa saa. Angeweza kuishia hapo. Akarudi nyumbani, akafungua injini, akaanza upya. Mwaka 1966 akaweka nyingine kwenye daraja la cc 1000, kilomita 270.

Halafu ukaja 1967. Yeye miaka 68, pikipiki miaka 47, injini sasa cc 950. Kwenye mbio moja ya kufuzu, ya kwenda tu bila kurudi, alipimwa kilomita 305.9 kwa saa. Hakuna Indian iliyowahi kupimwa rasmi na kasi kubwa zaidi ya hiyo wakati ule. Kwa rekodi yenyewe, wastani wa kwenda na kurudi ukaandikwa kilomita 295.45.

Hizo ni namba. Ndani ya lile bodi mambo yalikuwa mengine. Kwenye mbio mojawapo mwaka huo pikipiki ilianza kuyumba kushoto na kulia ikiwa kwenye mwendo mkali. Ukibana breki kwa nguvu umekwisha. Munro akainuka kutoka alipolala ili kifua chake kizuie upepo na kumpunguzia mwendo. Upepo ukang'oa miwani yake na kumpiga machoni mpaka akawa haoni kitu. Akatoka nje ya mstari mweusi uliochorwa kuwaongoza madereva, akapita karibu kabisa na nguzo ya chuma, kisha akailaza pikipiki chini kwa makusudi. Akatoka na michubuko. Miaka 68, jamani, na moyo mbovu.

Hakuacha. Aliendelea kwenda Bonneville miaka iliyofuata, ingawa hakuipita ile ya 1967. Mwaka 1977 alipata kiharusi, mikono na miguu ikawa haimtii kama zamani. Akaziuza pikipiki zote mbili kwa mfanyabiashara wa mjini hapohapo, kwa sababu hakutaka ziondoke kusini mwa New Zealand. Januari 6, 1978, akafariki dunia akiwa na miaka 78. Amezikwa Invercargill.

Scout ile bado ipo mjini kwao, kwenye duka la vifaa la E Hayes, katikati ya misumari na mabomba yanayouzwa. Mtu anaingia kununua nyundo anaikuta.

Kisha ikatokea hii. Miaka mingi baadaye mtoto wake wa kiume, John, alizipitia karatasi za 1967 na kugundua kwamba wasimamizi walikosea kupiga wastani. Chama cha pikipiki cha Marekani kikakagua na kukubali, na mwaka 2014 rekodi ikasahihishwa kutoka kilomita 295.45 kwenda 296.26. Ilikuwa VAR iliyochelewa miaka 47, umri uleule aliokuwa nao ule mtambo siku ulipokimbia. Na aliyekwenda kuomba marejeo alikuwa mmoja wa wale watoto wanne.